Kabari kwenye Pikipiki

Kila Jumanne na kila Ijumaa, kabla jua halijawa kali, Seremala aliitoa pikipiki karakanani. Aliisukuma taratibu katikati ya mbao zilizoegemezwa ukutani. Alikifuta kiti kwa kitambaa. Kisha aliweka kigoda kando ya pikipiki, ili mkewe apate pa kukanyaga anapopanda.

Mkewe alitoka ndani akiburuta mguu wa kulia. Mguu huo ulikuwa umefungwa bandeji. Miezi mitatu iliyopita alikanyaga msumari hapo hapo karakanani. Mama huyu ana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mtu mwenye sukari huchelewa kupona. Muuguzi wa zahanati hakumficha kitu.

"Kidonda hiki kioshwe mara mbili kwa wiki, bila kukosa," alimwambia. "Ukikiacha, kitafika kwenye mfupa. Kikifika kwenye mfupa, tutazungumza habari ya kukata mguu."

Zahanati ilikuwa mbali. Kwa miguu hakuweza. Gari la abiria halikupita njia ile. Ilibaki pikipiki.

"Umekunywa dawa?" Seremala aliuliza.

"Nimekunywa."

"Shika vizuri."

"Nimeshika."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya asubuhi nzima. Hapo zamani nyumba ile ilikuwa na maneno mengi, vicheko, na mlio wa redio. Siku hizi mume alikula akitazama ukuta, na mke alikula akitazama sahani.

Seremala aliwasha pikipiki. Mungu wangu, kelele zile! Taa ilitetemeka. Vioo vilitetemeka. Kibati cha namba kilipiga makofi. Chini, karibu na injini, kitu kiligonga kama mtu aliyefungiwa chumbani. Majirani walifunga madirisha. Kuku wa nyumba ya pili walikimbilia nyuma ya choo.

Mtu angeuliza: kwa nini Seremala haikazi pikipiki yake? Ana mikono. Ana vifaa. Jibu lake lilikuwa moja, na alilitoa akiwa ameangalia chini.

"Amefunga yeye," alisema. "Ibaki kama alivyoifunga yeye."

Yeye ni kijana wao. Hawakuwa na mtoto mwingine. Aliiunga pikipiki ile mwenyewe kutoka kwenye pikipiki mbili mbovu. Moja ilimpa injini, nyingine ikampa fremu, yaani ule mfupa wa chuma unaobeba vitu vyote. Kila bolti aliikaza kwa mkono wake, akiimba vibaya, baba yake akimwambia anyamaze. Mwaka jana kijana huyo alishikwa na homa. Siku ya nne alipelekwa hospitali. Siku ya tano akafa.

Tangu hapo Seremala hakumruhusu mtu yeyote kuweka spana kwenye pikipiki ile. Lakini kelele zilipozidi, alifanya kama seremala. Alichonga kabari. Kabari ni kipande kidogo cha mbao, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Mlango ukicheza, seremala hupigilia kabari, na mlango hutulia. Basi kibati cha namba kilipolia, Seremala alipigilia kabari. Kifuniko cha pembeni kilipolia, kabari. Bomba la moshi, lile la ekzosi, lilipolia, kabari tena. Kelele ilizimika hapa, ikaibuka pale, na ikiibuka ilikuwa kubwa zaidi. Pikipiki ikawa na mbao nyingi kuliko meza.

Jumanne moja safari ilikatika nusu ya njia. Walipovuka daraja dogo, mkewe alimpiga begani mara tatu.

"Simama! Simama nishuke!"

Seremala alisimama. Mkewe alishuka bila kusaidiwa, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akaushika mguu kwa mikono yote miwili. Jasho lilimtoka usoni.

"Mguu unawaka," alisema. "Hapa ninapokanyaga panatetemeka. Mtetemo wote unaingia kwenye kidonda. Siwezi tena."

"Nitapunguza mwendo."

"Ulipunguza Ijumaa. Uliweka sponji wiki iliyopita. Mzee, siwezi. Leo nitapanda kwa sababu tumeshafika nusu ya njia. Ijumaa siji."

"Mama, usipokuja mguu utakatwa."

"Ukatwe," mkewe alisema. "Nimezika mwanangu. Mguu ni nini?"

Seremala alitazama pikipiki, akamtazama mkewe, akaona kwamba maji yamemfika shingoni. Hakuwa na akili nyingine iliyobaki. Kabari zilikuwa zimekwisha na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha.

Kesho yake, Jumatano, alikuwa karakanani amekaa juu ya benchi. Hakuwa akifanya kazi. Mlango mmoja wa kabati ulikuwa mbele yake tangu Jumatatu, haujapigwa hata randa.

"Hodi! Shemeji, leo nimekuja kugombana."

Alikuwa jirani yao, mwanamke mnene mwenye ovaroli la bluu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za maji, na mtaa mzima ulimwita Mama Pampu. Mke wa Seremala alikuwa kama dada yake. Na yule kijana, kabla hajajifunza pikipiki, alianza kushika spana kwake.

"Karibu," alisema Seremala. "Gombana umekaa."

"Nitagombana nimesimama. Dada ameniambia Ijumaa haendi kuoshwa kidonda."

"Ndivyo anavyosema."

"Na wewe umesema nini?"

"Niseme nini? Nimechoka, shemeji. Nimechoka hata kuchoka kwenyewe."

Mama Pampu alimtazama, na hasira yake ikapungua kidogo.

"Pikipiki hiyo ina ugonjwa," alisema. "Mimi nimetengeneza pampu miaka ishirini. Mashine ikitetemeka kupita kiasi, kuna kitu kimelegea au kimevunjika. Niache nifungue."

"Hapana."

"Bolti moja tu."

"Hata nusu bolti. Amefunga yeye."

"Sawa. Na kusikiliza je? Kusikiliza nako kunafungua kitu?"

Seremala alifikiri. Hakupata sababu ya kukataa.

"Kusikiliza tu," alisema.

Waliitoa pikipiki nje, kwenye hewa, kwa sababu moshi wa pikipiki ndani ya chumba unaweza kuua. Mama Pampu aliisimamisha kwenye stendi kubwa ya katikati. Aliondoa kikapu, mfuko na kamba zote zilizoning'inia.

"Tuanze na maswali," alisema. "Inalia lini? Ikiwa imesimama, au ikiwa inatembea?"

"Zote mbili."

"Ukiongeza mafuta?"

"Inazidi. Mikono yangu inakufa ganzi."

"Weka nyutro. Gia isiingie. Washa. Halafu ongeza mafuta polepole, mpaka nikuambie basi."

Seremala alifanya hivyo. Pikipiki ilianza kulia palepale ilipokuwa.

"Umeona?" Mama Pampu alipaza sauti. "Kama ingelia ikitembea tu, ningekagua magurudumu na mnyororo. Lakini imesimama na bado inalia. Basi ugonjwa uko kwenye injini, au kwenye kitu kilichoshikana na injini."

Alijifunga kitambaa kinene mkononi. Alibonyeza taa kwa kiganja. Mlio wa taa ukanyamaza. Akaachia, mlio ukarudi. Alibonyeza kibati cha namba, vivyo hivyo. Akabonyeza kifuniko, vivyo hivyo.

"Unapobonyeza kitu na mlio ukanyamaza, umempata anayelia," alisema. "Lakini angalia usiguse ekzosi, itakuunguza. Na usipeleke kidole kwenye mnyororo, hata ukiuona umetulia."

"Basi wote wanalia," alisema Seremala.

"Wote wanalia kwa sababu wanatikiswa. Wewe umekuwa ukiwaziba midomo mmoja mmoja kwa kabari. Sasa tumtafute anayewatikisa. Nipe kipande cha mbao. Kirefu, chembamba, kikavu."

Hilo Seremala aliliweza. Alimletea ufito ulionyooka kama rula. Mama Pampu aliugusisha ncha moja kwenye fremu, mbele ya injini, mbali na vitu vinavyozunguka. Ncha ya pili aliiweka kwenye mfupa ulio mbele ya sikio lake. Alisikiliza, akahama, akasikiliza tena. Kisha akampa Seremala ufito.

"Sikiliza mwenyewe. Kwanza mbele, pale bolti inapoishikilia injini."

Seremala alisikiliza. Mbao ilimletea mngurumo tu, laini.

"Sasa nyuma, chini."

Ko-ko-ko-ko-ko. Seremala aliruka. Ilikuwa kama nyundo ndani ya kichwa chake.

"Hiyo ni injini yako inaipiga fremu," alisema Mama Pampu. "Zima."

Walingoja mpaka chuma kikapoa. Mama Pampu alichuchumaa, akafuta matope na mafuta kwa kitambaa, akamwita Seremala kwa kidole.

"Shemeji, chuchumaa hapa. Unaona nini kwenye nati hii?"

Seremala alitazama. Juu ya nati kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi nyeupe. Kwenye chuma kilicho kando ya nati kulikuwa na mstari mwingine mweupe. Mmoja ulielekea juu, wa pili ulielekea pembeni.

"Rangi," alisema.

"Nani alipaka?"

"Sijui."

"Mwanao. Nilimfundisha mimi. Ukishakaza nati, unapaka mstari mmoja ulionyooka, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Siku ukikuta mstari umekatika, unajua nati imezunguka. Imelegea."

Seremala aliugusa mstari kwa kidole.

"Tazama na ile. Na ile ya juu. Zote zimezunguka. Shemeji, bolti alizofunga yeye hazipo tena. Zilijifungua zenyewe, kidogo kidogo, na wewe ukipita juu yake. Yeye alijua zitalegea. Kila pikipiki hulegea. Alipaka mistari ili mtu atazame, akaze tena."

Seremala alikaa chini, kwenye vumbi, mzee mzima. Miezi yote hiyo alijiona analinda kitu. Alikuwa halindi chochote. Alikuwa ameacha kazi ya mwanawe imalizwe na barabara, na mguu wa mkewe umalizike nayo.

"Nilidhani nimeitunza," alisema.

"Najua," alisema Mama Pampu. "Nilitamani kukuambia mapema. Sikuthubutu."

Kisha Seremala aliinuka, akajipangusa.

"Nipe spana," alisema. "Lakini nitafungua mimi."

Kwanza aling'oa kabari zote. Ile ya ekzosi ilikuwa nyeusi upande mmoja.

"Hii imeanza kuungua," alisema Mama Pampu. "Mbao na ekzosi! Ungemchoma dada yangu barabarani." Alichungulia. "Na njoo uone hiki. Bomba la ekzosi limefungwa kwenye chuma hiki kinachobeba kikanyagio cha abiria. Cha upande wa kulia. Kabari yako ilikuwa inautoa mtetemo wa bomba, inauingiza kwenye mguu wake. Na chuma chenyewe kina ufa. Kingekatika naye akiwa amekanyaga."

Seremala alipitisha ukucha kwenye ufa ule, mwembamba, mrefu kama kidole.

Bolti ya nyuma ilitoka bila shida, kwa vidole tu. Ilikuwa imelika katikati, imebaki na kiuno kama nyigu. Seremala aliishika kwa muda. Hakuibusu wala hakuifunga kwenye leso. Aliiweka kwenye kopo la misumari, pamoja na vyuma vingine vilivyomaliza kazi.

Alhamisi asubuhi walikipeleka chuma chenye ufa kwa fundi wa kuchomelea. Mama Pampu alinunua bolti mpya.

"Urefu uleule na unene uleule," alimwambia Seremala. "Usilazimishe bolti nyembamba kwenye tundu pana. Na hizi pete ndogo za chuma ni washa. Kila nati iwe na yake, ili isizunguke ovyo."

Walipofunga, Seremala alianza kukaza ya kwanza kwa nguvu zake zote.

"Taratibu!" Mama Pampu alimshika mkono. "Huo si msumari. Weka zote kwanza, zishike kidogo tu. Injini ikae mahali pake. Halafu kaza moja kidogo, nenda ya pili, rudi ya kwanza. Ukikaza kupita kiasi, utakata bolti, na tutarudi tulipotoka."

Alikaza kama alivyoambiwa. Kwenye ekzosi waliweka mpira mpya badala ya kabari. Mwishoni Seremala alileta brashi yake ndogo ya kupakia vanishi na kopo la rangi nyeupe. Alipaka mistari yeye mwenyewe. Mistari ilinyooka.

"Kila Jumapili uitazame," alisema Mama Pampu. "Mstari ukikatika, usingoje."

Ijumaa mkewe alitoka ndani kwa shida. Alikuwa amekataa mara mbili. Alikubali tu kwa sababu Mama Pampu alisimama mlangoni na kuapa kwamba hatoki.

"Ikitetemeka nashuka hapo hapo," alimwambia mumewe. "Na sirudi juu yake."

"Ikitetemeka nitakubeba mgongoni," alisema Seremala.

Waliondoka. Walivuka daraja dogo. Pikipiki ilinguruma kama pikipiki zote za watu. Taa ilitulia. Seremala alitazama chini mara moja, haraka, akaona mguu wenye bandeji umetulia juu ya kikanyagio.

"Mguu?" aliuliza kwa sauti.

"Afadhali," alisema mkewe. "Afadhali sana."

Seremala alitarajia kufurahi. Hakufurahi. Ukimya ulimtisha. Alisikia kokoto chini ya tairi, alisikia upepo, na alisikia mawazo yake mwenyewe, yale aliyokuwa akiyakimbia mwaka mzima. Barabara ilinyooka mbele yao.

Kisha, nyuma ya mgongo wake, sauti ilianza. Ilikuwa ya chini, ya mtu anayerudia maneno aliyokwisha kuyazoea.

"Ulikuja jikoni, mwanangu, ukaniambia kichwa kinauma sana. Nikakuambia ni jua tu, kalale. Nikaendelea kufua. Siku tatu nikakuambia kalale. Nisamehe, mwanangu. Na baba yako anisamehe."

Seremala alipunguza mwendo.

"Umesema nini?"

Mikono iliyomshika kiunoni ikakakamaa.

"Umesikia?" mkewe aliuliza.

"Nimesikia."

"Huwa husikii."

"Kwani huwa unasema?"

"Kila safari," alisema mkewe. "Kwenda na kurudi. Nilijua kelele hazitakuruhusu kusikia."

Seremala alisimamisha pikipiki kando ya barabara na kuizima. Hakugeuka. Alishika usukani kwa nguvu, kana kwamba bado anaendesha.

"Na mimi aliniambia," alisema.

"Nini?"

"Siku ileile. Kabla hajaja kwako. Alikuja karakanani akasema, baba, sijisikii vizuri. Nikamwambia ashike upande wa pili wa ubao, tumalize kwanza kazi ya watu. Akashika. Alishika mpaka mchana. Nilimwona anatetemeka, mama. Nilimwona, nikamwambia asichezeshe ubao."

Mkewe alilaza kichwa kwenye mgongo wa mumewe, na Seremala alihisi shati lake linalowa. Naye alilia, mdomo wazi, bila aibu, mchana kweupe. Mwendesha baiskeli mmoja alipita, akawatazama, akaangalia mbele.

Baadaye mkewe alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Washa," alisema. "Muuguzi anangoja."

Kidonda sasa kimepungua. Muuguzi anasema mguu umenusurika kukatwa, na zahanati wanakwenda Ijumaa tu. Kila Jumapili Seremala huchuchumaa kando ya pikipiki na kutazama mistari yake. Mara mbili amekuta mmoja umekatika, na mara zote mbili amekaza siku hiyohiyo. Pikipiki haipigi kelele tena. Ijumaa wakiwa njiani wanalia, na kila mmoja anamsikia mwenzake.